Wateja Arobaini kwa Bei ya Chini si Bahati

Hapa Mumosho, karibu na Bukavu, mama mwenye restora akiletewa komande ya semina, ya ndoa au ya kwaya, kila mtu humwambia neno moja: punguza bei, mshukuru Mungu, wingi wa watu utafidia. Ushauri huo hutolewa kwa moyo safi na watu ambao hawajawahi kununua gunia la makaa kwa ajili ya biashara.

Tupige hesabu ya mfano. Sahani ya bugali, sombe na nyama unaiuza franka 5,000. Vitu vyote vilivyomo, pamoja na makaa, vimekula 3,800. Unabaki na 1,200. Anakuja mwenye semina na watu 40, anataka wale kwa 4,000. Faida imeshuka hadi 200 kwa sahani, yaani 8,000 kwa kundi zima. Wateja saba wa kila siku wangekuachia 8,400, na usingekodi sufuria ya mtu.

Watajibu kwamba ukinunua vingi unapunguziwa. Kwenye katoni za sabuni, sawa. Lakini sombe ya watu 40 lazima itwangwe, na kinu hakijui punguzo: ni mikono ileile tangu alfajiri, na ukiita wasichana wawili wakusaidie, hao nao watalipwa. Makaa ndiyo usiseme. Umeme wa bwawa la Ruzizi II unazalishwa hapa jirani kwa nchi tatu, nasi bado tunapuliza jiko.

Kisha saa sita inafika. Mwalimu na mwendesha pikipiki, wanaokula kwako mwaka mzima, wanakuta viti vyote vimekaliwa na wageni wenye beji shingoni. Wanavuka barabara. Kesho kundi limeondoka, na mwalimu ameshazoea sombe ya jirani.

Ubaya huu hauko kwetu tu. Mwaka 2010, mkahawa wa Posies wa Portland, Marekani, uliuza kuponi za nusu bei kupitia tovuti ya Groupon. Watu walifurika. Mwenye mkahawa alilazimika kutoa dola 8,000 za akiba yake ili alipe wafanyakazi na kodi ya nyumba. Wateja hawakukosekana hata kidogo. Walikuwa wengi mno kwa bei isiyomlipa.

Na kwetu kuna la kuongezea: faktura. Kundi linakula leo, malipo ni "mwisho wa mradi". Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025 na benki zikafunga milango, ahadi ya kulipwa kwa njia ya benki ni hewa. Muuza nyama hapokei faktura.

Sisemi komande zote zikataliwe. Kundi linalokuja saa tisa, sufuria zimelala, likakubali chakula cha aina moja na kulipa nusu kabla hujaenda sokoni, lipokee, hata ukilipunguzia kidogo. Linalotaka saa sita, kwa bei ya huruma na kwa mkopo, liende likapikiwe na hao wanaokushauri.

Kwa hiyo mama, kesho wakikuuliza "utatupunguzia ngapi?", nawe uliza kwanza: mtakuja saa ngapi, na avansi iko wapi?