Kitufe chekundu hakitoshi

Leo tuziache kidogo simu na tarakilishi, twende milimani kwenye theluji. Najua wengi wetu theluji tumeiona kwa mbali tu, juu ya Mlima Kenya, asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Lakini nivumilieni, maana kisa hiki kinatuhusu sana sisi tunaoandika programu.

Huko Ulaya na Marekani watu hulipa kupandishwa mlimani kwa lifti ya viti, kisha huteleza kushuka kwa skii. Lifti yenyewe si ngumu kuielewa. Ni kamba nene ya chuma iliyounganishwa ncha kwa ncha, inazungushwa na mota ya umeme, na viti vinaning'inia juu yake. Umeme ukipotea, kuna injini ya akiba ya kuwafikisha waliokwisha kupanda. Mhudumu hukaa kituoni, na karibu na mkono wake pana kitufe chekundu cha kusimamisha kila kitu.

Mtu akianguka wakati wa kupanda kiti, mhudumu anabonyeza. Safi kabisa. Nasi darasani tulifundishwa vivyo hivyo: ukiwa na shaka, simamisha. Heri programu isimame kuliko iendelee ikiharibu data.

Sasa maporomoko ya theluji yakija je? Hebu tupige hesabu. Chukua lifti yenye urefu wa mita 1,500, inayokwenda mita 5 kwa sekunde. Aliyeketi sasa hivi atafika juu baada ya dakika 5. Lifti nyingi za zamani huenda nusu ya mwendo huo, basi ni dakika 10. Poromoko kubwa la theluji kavu laweza kupita kilomita 100 kwa saa. Kwa mwendo huo, kilomita moja ni sekunde 36.

Ukisimamisha lifti, umewaacha watu wakining'inia njiani mwa theluji. Ukiiacha iendelee, pengine unawapeleka huko huko. Kuwateremsha mmoja mmoja kwa kamba ni kazi ya saa kadhaa. Yaani mhudumu ana kitufe, lakini hana tena uamuzi wa maana. Hata rada za siku hizi zinazotambua poromoko likianza humpa muda mfupi tu. Muda huo unatosha kuwasha taa nyekundu barabarani. Hautoshi kuondoa watu kwenye viti 100.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: usalama wa lifti huamuliwa asubuhi, kabla kiti cha kwanza hakijaondoka. Theluji ikianguka nyingi, kikosi cha doria hupanda alfajiri, huikagua, na kulipua baruti ili iliyolegea iporomoke watu hawajafika. Kisha mtu husema "fungua" au "funga". Neno hilo moja ndilo kitufe chenyewe.

Na hata kusema "funga" kuna namna yake. Tarehe 31 Machi 1982, baada ya dhoruba ya siku kadhaa, Alpine Meadows huko California ilikuwa imefungwa kwa wateja. Alasiri theluji ikaporomoka hadi kwenye jengo la lifti ya Summit na uwanja wa kuegeshea magari. Watu 7 walikufa, wakiwemo wafanyakazi. Anna Conrad, mhudumu wa lifti mwenye umri wa miaka 22, alifukiwa ndani ya jengo na kutolewa hai baada ya siku 5. Mbwa ndiye aliyenusa alipo. Somo ninaloliona ni kwamba mlango ulifungwa kwa wanaonunua tiketi, lakini theluji haiulizi nani ana tiketi.

Ruka miaka 42. Tangu 2021 Alpine Meadows ni sehemu ya Palisades Tahoe. Tarehe 10 Januari 2024, upande wa pili wa eneo hilo, lifti ya KT-22 ilifunguliwa asubuhi kwa mara ya kwanza msimu huo. Kama nusu saa baadaye theluji ikaporomoka kwenye mteremko wake, na mtu mmoja akafa. Wenye lifti walisema doria ilikuwa imefanya kazi yake kabla ya kufungua, nami sina sababu ya kubisha. Hilo ndilo linalotisha: hata ukifanya kila kitu, "fungua" inabaki kuwa kamari.

Ndiyo maana anayesema neno hilo hafai kusukumwa na foleni wala pesa. Kule Mottarone, Italia, tarehe 23 Mei 2021, kamba ya kuvuta gari la angani ilikatika na watu 14 wakafa. Hapo hapakuwa na theluji. Breki ya dharura ilikuwa imezuiwa kwa vibano, kwa sababu ilikuwa ikijifunga mara kwa mara na kukatiza safari. Kengele ilikuwa inasumbua, basi wakaizima.

Kabla hujawahukumu, nikiri langu. Mahali fulani nilipofanya kazi, jaribio moja la mfumo wa malipo lilikuwa likishindwa kila mara. Ilikuwa Ijumaa, mteja anangoja. Nikalizima. Jumamosi watu wakatozwa mara mbili. Hakuna aliyekufa, pesa zikarudishwa, lakini mkono uliozima jaribio lile ni ndugu wa mkono ule wa Mottarone.

Mtaniambia: ukifunga kila theluji inapoanguka, hakuna atakayeteleza, na wafanyakazi watakula nini? Kweli. Sisemi wafunge daima. Nasema sheria iandikwe kabla ya msimu, kichwa kikiwa kimetulia. Kufunga kuhitaji sauti moja tu, hata ya mhudumu wa mshahara mdogo kabisa. Kufungua kuhitaji wote wakubaliane. "Funga" imaanishe pia wafanyakazi na maegesho, kila mahali theluji inapoweza kufika. Na aliyefunga, kisha theluji isiporomoke, asiulizwe kwa nini alipoteza mapato ya siku.

Hilo la mwisho ndilo gumu zaidi. Aliyefunga bure huonekana mwoga, na aliyefungua pasitokee kitu huonekana shujaa, ingawa huenda wote wawili waliangalia theluji ile ile. Kampuni inayomcheka wa kwanza imeshamfundisha wa pili la kufanya kesho.

Je, kazini kwako nani ana ruhusa ya kusema "funga"? Kama jibu ni "bosi peke yake", basi kitufe chekundu mlichonacho ni pambo tu.

Haya, tuonane wiki ijayo. Turudi kwenye tarakilishi.