Draivu haijafa, mmeiuliza maswali gani?

Nimekuwa kimya wiki mbili na kuna wawili wameniuliza kama nina sapu. Sina. Nilikuwa napigana na draivu ya DVD. Chekeni tu, najua siku hizi laptopu hata tundu la diski hazina, lakini mimi nina DVD moja na ndiyo iliyoninyima usingizi.

Ni ya sendofu ya shangazi, mwaka 2008. Mle ndani marehemu baba anatoa nasaha kwa niaba ya familia. Baba alifariki mwaka 2010, mimi niko darasa la kwanza, na sauti yake haipo popote pengine. Simu zake zilishapotea zamani. Mama aliifunga kwenye kanga akaituma kwa basi, akasema, "Mwanangu, wewe uko chuo, itoe humo uiweke kwenye simu."

Basi nikaazima draivu ya nje, zile nyembamba za kuchomeka kwa USB, kwa mwenzangu wa chumbani. Nikajaribu na CD ya nyimbo, ikacheza vizuri. Nikaweka DVD ya mama: ikazunguka, ikagugumia, tik tik tik, halafu kompyuta ikalia ule mlio wa kitu kilichochomolewa. Draivu imepotea kabisa kwenye orodha. Nachomoa, nachomeka, inarudi, inapotea tena. Nilifanya hivyo hadi saa sita usiku.

Hapo ndipo washauri wakaanza. Wa kwanza akasema diski ndiyo mbovu kwa sababu CD imecheza. Wa pili, lenzi ina vumbi. Wa tatu akasema niisugue kwa dawa ya meno! Jamani, dawa ya meno ni msasa. Labda kwenye diski ya filamu uliyokwisha kuichoka, lakini kwenye kitu chenye nakala moja duniani usithubutu. Nikaenda kwa fundi mmoja mjini, akaichomeka kwenye waya mrefu wa USB uliokuwa mezani kwake, akaweka DVD yangu ileile, ikagoma. Dakika mbili hazijaisha: "Dada, hii imekufa, chukua mpya elfu arobaini na tano." Nikatoa. Hela ya kula hiyo, msinione hivi.

Draivu mpya nikaichomeka chumbani. Tik tik tik. Ikapotea.

Nilikaa kitandani na hasira, halafu nikaona aibu. Sisi watu wa ualimu tunafundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba kwenye jaribio unabadilisha kitu kimoja, vingine unaviacha vilevile. Mimi nilikuwa nabadilisha draivu na kuacha kila kitu kingine bila kukiuliza. Na fundi hakuweka DVD nyingine hata moja. "Imekufa" ni neno la kufunga mjadala, na tunalipenda mno. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilikutana na mtoto aliyeitwa mzito ofisi nzima, kumbe haoni ubaoni kutoka dawati la nyuma. Nani alimhamisha kiti kwanza? Hakuna.

Nikaanza upya. Ile CD kucheza kumbe haikuwa ushahidi wa lolote. CD inasomwa kwa mwanga wa leza wa nanomita 780, DVD kwa nanomita 650, kwa hiyo draivu inaweza kuwa nzima upande mmoja na mbovu upande wa pili. DVD unaipima kwa DVD. Nikaazima nyingine, safi kabisa. Nayo ikagoma! Kwa hiyo tatizo halikuwa diski ya mama peke yake. Draivu mbili, diski mbili, kilichobaki palepale ni nini? Kile kidude changu cha kugawa USB, chenye matundu manne, nilichochomeka mausi, modemu, na simu inachaji hapohapo.

Tundu la USB 2.0 linatakiwa kutoa miliampea 500. Kidude kisicho na umeme wake kinagawana hizohizo kwa wote, na draivu inapoanza kuzungusha DVD kwa kasi ndipo inapohitaji umeme mwingi. CD ya nyimbo inasomwa polepole, ndiyo maana ilipona. Waya mrefu mwembamba wa fundi nao unapoteza umeme njiani. Nikachomoa vyote, nikachomeka draivu moja kwa moja kwenye laptopu. DVD ya kuazima ikacheza hadi mwisho.

Ya mama ikacheza pia, nikaanza kulia, halafu picha ikaganda kabla baba hajasimama. Maana yake kulikuwa na matatizo mawili yaliyojificha pamoja, na hili ndilo linalowapotosha watu wengi. DVD inasomwa kuanzia katikati kwenda nje, na mwisho wa shughuli uko ukingoni, penye vidole vya kila aliyeishika tangu 2008. Nikafuta kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka. Usifute kwa kuzungusha, mkwaruzo unaofuata mzunguko ni mgumu zaidi kwa draivu kuusahihisha. Ikasogea dakika kadhaa, ikaganda tena.

Rafiki yangu wa kompyuta akaleta Linux yake yenye programu ya bure iitwayo ddrescue. Hiyo inachukua kwanza sehemu zinazosomeka, inaandika zilizokataa, halafu inazirudia. Uzuri wake unaweza kuendelea na draivu nyingine palepale ulipoishia, kwa sababu kila draivu ina macho yake. Ile mpya ya elfu arobaini na tano ikafika mahali ikakataa. Tukaweka ile ya mwenzangu, ile "iliyokufa". Ikasoma karibu yote yaliyobaki.

Picha inakatika mara mbili, na kuna neno moja la baba limemezwa. Mama nimemtumia jana. Alipiga simu, hakusema kitu, nikawa namsikia tu anairudia kwa nyuma kwenye simu ya mdogo wangu.

Draivu ya watu nimeirudisha na soda juu. Yangu ipo kabatini. Kama nyumbani kwenu kuna DVD za harusi, za ubatizo au za msiba, leteni tunakili Jumamosi. Flashi uje nayo, na usiiguse diski ukingoni kwa mikono ya chipsi.