Jua Likipatwa, Rapsu Nayo Itazame

Jumatatu ya tarehe 2 Agosti 2027, inshallah, jua litapatwa lote juu ya mji mtukufu wa Makka, na giza litadumu zaidi ya dakika tano. Huku kwetu Kenya litamegwa sehemu tu. Hapo ndipo penye hatari: jua lililomegwa humvuta mtu alikodolee macho, na ndani ya jicho huungua pasipo maumivu.

Vyama vya wapenzi wa falaki vina dawa yake. Huweka darubini uwanjani, mdomo wake umefunikwa kwa kioo maalumu cha kuchuja mwangaza, na kila apitaye huchungulia. Hata siku ya kawaida huonyeshwa madoa ya jua, mengine makubwa kuliko dunia hii. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipokuwa pete huko Rujewa, mkoani Mbeya, watu walimiminika kulitazama. Hapa Kenya, The Travelling Telescope huzungusha darubini mashuleni tangu 2014.

Twaomba safari hizo zifike Rapsu, kule Isiolo, kwa ndugu zetu Waislamu wa Kiborana. Wala wageni wasidhani waenda kwa wajinga. Waborana wana wajuzi wao wahesabuo siku kwa mwezi na nyota.

Wako watakaouliza, je, darubini haitavuruga sala ya kusufi? Mtume (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim jua likapatwa, watu wakasema ni kwa msiba huo. Akawakatalia: ni ishara ya Mwenyezi Mungu, halipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu, akawaamrisha kusali. Basi ajuaye saa yake mapema si ndiye atakayewahi safu? Shida ni neno falaki lenyewe, ambalo Pwani wapiga ramli wamelichafua.

Darubini isipofika, Ibn al-Haytham aliandika yapata miaka elfu iliyopita juu ya sura ya kupatwa ipitayo tunduni. Toboa karatasi ngumu kwa sindano, lipe jua mgongo, utazame nuru iangukayo chini. Kivulini mwa mti, mianya ya majani hufanya kazi hiyo hiyo: mchanga hujaa hilali ndogo ndogo. Beseni la maji halifai, wala kioo chenye masizi, wala miwani ya dukani ya kukingia jua. Maimamu walitangaze hilo Ijumaa ya tarehe 30 Julai.