TAARIFA KWA WANACHAMA: SHIRIKISHO LA 1963 NA MASWALI YETU YA LEO



Wiki hii kundini kumekuwa na hoja moja: "Mwalimu angesikilizwa, leo tungekuwa nchi moja kutoka Kigoma hadi Mombasa." Tumeona tutoe msimamo wa tawi.

Ni kweli Mwalimu Nyerere alijitolea. Juni 1960, Addis Ababa, alisema yuko tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili Kenya, Uganda na sisi tupate uhuru pamoja, tukiwa shirikisho. Haikuwezekana. Tarehe 5 Juni 1963, Nairobi, yeye, Kenyatta na Obote wakatangaza shirikisho kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ukaisha, shirikisho halikuwepo.

Je, tulikosa vya kutuunganisha? Hapana. Reli hii inayopita Goweko ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima. Shilingi moja, posta moja. Kilichokwamisha ni madaraka: nani ashike mambo ya nje, makao makuu yawe wapi, kila nchi ibaki na nguvu gani. Tangazo lilitangulia, makubaliano yakabaki nyuma.

Tusijidanganye pia kwamba kuungana kungefuta matatizo. Wapo wanaosema Amin asingepata nafasi. Huenda. Lakini kama angeipata, mapinduzi ya Januari 1971 yangekuwa ndani ya nyumba yetu, na Vita vya Kagera vingekuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Jumuiya ya 1967 nayo ilivunjika 1977, tukagawana mali na madeni ya reli ileile.

Leo Jumuiya ina nchi nane. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walikubaliana tuanze na ushirika wa kisiasa ambao kila nchi inabaki na mamlaka yake. Sisi tunaunga mkono umoja, ila safari hii maswali yatangulie. Mkulima wa tumbaku na mrina asali wa hapa waulize: ushuru atakusanya nani? Ardhi ya kijiji itakuwa chini ya nani? Jeshi litamtii nani?

Kila shina lije na maswali yake kwenye mkutano ujao wa tawi. Tutayaandika na kuyafikisha Kata. Kuuliza si ujinga.

Umoja ni nguvu!

Imetolewa na:
Uenezi, Tawi la Goweko