Herufi Iliyoinamishwa Si Herufi ya Mlazo

Yako makosa yadumuyo kwa sababu yamevikwa jina zuri. Miongoni mwake ni dhana isemayo kuwa herufi ya mlazo ni herufi wima iliyosukumwa ikainama upande wa kulia. Dhana hii imeenea vyuoni. Mwanafunzi hubonyeza kitufe kimoja cha kompyuta, akaona maneno yameinama, akaamini kuwa amepata mlazo. Nadai kwamba mara nyingine hakupata mlazo, amepata herufi wima iliyovunjwa kiuno. Kama hukumu hii ni kali, na ipimwe kwa ushahidi.

Ushahidi wa kwanza ni historia. Herufi za mlazo zilizaliwa Venice, katika karakana ya mchapaji Aldus Manutius, zikachongwa na Francesco Griffo wa Bologna. Maneno machache ya herufi hizo yalionekana mwaka 1500, katika picha ya Mtakatifu Katarina wa Siena iliyotiwa ndani ya kitabu cha barua zake. Mwaka 1501 mashairi ya Virgil yakachapwa kwa mlazo tangu mwanzo hadi mwisho. Mfano wake ulikuwa mwandiko wa haraka wa wanazuoni na makatibu wa Italia, ambao kalamu zao zilikimbia kutoka herufi hata herufi. Tena, katika kitabu hicho cha 1501 herufi kubwa zote zilisimama wima. Ndogo peke yake ndizo zilizofuata mwandiko. Kama kuinama ndiko kuufanyako mlazo uwe mlazo, waanzilishi wake wasingaliziacha herufi kubwa zisimame. Kuinama, basi, ni tabia ya mlazo, wala si asili yake.

Ushahidi wa pili ni jicho. Itwae Times New Roman, ambayo ilitumiwa kwanza na gazeti la The Times la London tarehe 3 Oktoba 1932, na ambayo ni nadra kumpata mwandishi wa tasnifu asiyeijua. Tazama herufi a iliyo wima: ina tumbo chini na paa juu yake. Katika mlazo paa hilo halipo. Limebaki tumbo na mkia mdogo. Herufi f iliyo wima husimama juu ya mstari. Ya mlazo huteremka chini yake. Miguu bapa ya n na m imeondoka, na mahali pake pana mpindo mwepesi kama uachwao na kalamu. Huwezi kuyapata mabadiliko haya kwa kuisukuma herufi wima, hata ukiisukuma mpaka ianguke.

Wapinzani wangu wana wakili mkubwa. Stanley Morison, Mwingereza yule yule aliyesimamia uundaji wa Times New Roman, aliandika mwaka 1926 katika jarida la The Fleuron kwamba mlazo bora ni herufi wima iliyoinamishwa. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Aliona kuwa katika kitabu kinachotawaliwa na herufi wima, mlazo wenye madaha mengi huutia ukurasa fujo, na kwamba mwenzi hana budi kupatana na mwenziwe. Naikubali nusu ya hoja hiyo. Nusu ya pili naikataa, kwa kuwa kazi ya mlazo ni kulijulisha jicho, pasipo kelele, ya kwamba sauti imebadilika: hapa pana jina la kitabu, hapa pana neno la kigeni, hapa mwandishi amekaza neno. Tofauti ikiwa ni mwinamo tu, msomaji husita asijue kama ameitwa au ameona kosa la mpiga chapa.

Tena matendo yaliishinda nadharia. Electra, herufi ya Mmarekani W. A. Dwiggins, ilitoka mwaka 1935 pamoja na herufi wima zilizoinamishwa. Baadaye ikabidi ipewe mlazo wenye asili ya mwandiko. Na Times New Roman ya Morison mwenyewe, kama tulivyoona, haikuifuata amri yake.

Lililokuwa shauri la mtaalamu sasa limekuwa desturi ya mashine. Herufi isiyochorewa mlazo, kompyuta huipinda yenyewe bila kuuliza. Mikunjo ikanenepa pasipopasa, ikakonda pasipopasa, na tasnifu ya miaka mitatu ikavaa nguo isiyo ya kimo chake. Msomaji huchoka asijue kinachomchosha.

Nawasihi wahariri na wanafunzi: kabla ya kuchagua herufi za jadi zenye vijikia, ziandikeni a na f kwa mlazo. Ikiwa a ingali na paa lake, na f ingali imesimama juu ya mstari, shukuni. Mnazi ulioinamishwa na upepo ungali mnazi. Haukugeuka kuwa mti mwingine.