MAPOROMOKO YETU TUYAONE SISI WENYEWE

Iko dhana ya zamani ambayo hata leo haijatutoka sawasawa. Dhana hiyo yasema kwamba kufunga safari kwenda kutazama maji yakiporomoka mlimani ni kazi ya mgeni aliyetoka ng'ambo na kamera shingoni. Na kwamba mwananchi akionekana katika njia hiyo, basi yumo kwa kumchukulia mgeni mzigo wake. Sisi twaikataa dhana hiyo. Maporomoko ya nchi hii ni mali ya wananchi, na si haki kwamba mwenye mali asiijue mali yake.

Tumchukue mfanyakazi wa Singe, katika mji wa Babati. Akiinua macho auona mlima Kwaraa na msitu wake wa Ufiome. Viboko wamo katika Ziwa Babati. Na sehemu kubwa ya Hifadhi ya Tarangire imo katika mkoa wake wa Manyara. Watu huvuka bahari kuja kuyaona hayo. Je, yeye ameyaona mara ngapi? Na maporomoko je? Ya Materuni, karibu na Moshi, huanguka kiasi cha mita 80, na njia yote kutoka Babati kupitia Arusha hadi Moshi ni ya lami. Mwenye kuweza kwenda mbali zaidi anayo ya Sanje katika milima ya Udzungwa, yenye kimo cha mita 170. Na ya Kalambo, mpakani na Zambia, ambayo yapita mita 200 kwa mruko mmoja.

Wako watakaotujibu kwamba mshahara hautoshi unga, sasa sisi twaleta habari za maporomoko. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuidharau. Lakini wafanyakazi hao hao, harusi ikitokea, huandika daftari la michango na fedha zikapatikana. Watu thelathini wa kazi moja wakiweka akiba kidogo kila mwezi, mwisho wa mwaka watakodi basi na kwenda na watoto wao. Tena katika hifadhi za taifa kiingilio cha raia ni kidogo mno kikilinganishwa na kile anachotozwa mgeni. Nafasi hiyo imewekwa kwa ajili yetu. Tusipoitumia, imewekwa bure.

Wala hatusemi haya kwa ajili ya starehe peke yake. Maporomoko ya nchi hii yana kazi mbili: hupendeza macho, na huendesha mitambo. Katika mto Pangani, umeme wa Hale umetoka katika maji hayo tangu mwaka 1964. Kazi hizi mbili zaweza kugongana, na Kihansi ni ushahidi.

Mwaka 1996, katika korongo la mto Kihansi, wataalamu walimkuta chura mdogo wa rangi ya manjano asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Aliishi katika hekta chache tu, zilizolowa daima kwa rasharasha ya maporomoko. Wakati huo ujenzi wa bwawa ulikuwa umekwisha anza. Mtambo wa megawati 180 ulipofanya kazi, sehemu kubwa ya maji iliingizwa katika handaki, na rasharasha ikapungua. Mabomba ya kunyunyizia yalifungwa. Hata hivyo maradhi ya kuvu yakawaingia chura wale, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hawamo tena porini. Waliosalia ni wale waliokuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa, na mwaka 2012 wazao wao walianza kurudishwa Kihansi.

Hatusemi kwamba umeme ule haukufaa. Viwanda havigeuzwi kwa uzuri wa mandhari. Tusemalo ni kwamba wengi wa waliowasha taa kwa umeme huo walilisikia jina la Kihansi kwa habari za chura tu, na wengine wakalifanya mzaha. Jambo kubwa kama hilo, la kupima faida ya taifa na hasara isiyorudishika, lataka wananchi wanaolijua. Mtu aliyesimama chini ya maporomoko akalowa nguo, akaona jinsi msitu ulio juu unavyoyalinda maji yale, hatahitaji kuhubiriwa sana asikate mti kwenye chemchemi. Tena mito mingine ikitakiwa kesho, atajua la kuuliza.

Neno moja la tahadhari. Mtu wa Manyara hana haja ya kufundishwa nguvu ya maji yashukayo mlimani; tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa ilipoporomosha tope la mlima Hanang juu ya Katesh, watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Kwa hiyo aendaye kwenye maporomoko na asiende wakati mto umefura, wala asiache njia, wala asimdharau kijana wa kijiji amwongozaye. Ujira wa kijana huyo ni halali yake, nao humpa sababu ya kuulinda msitu.

Basi twatoa rai kwa matawi ya vyama vya wafanyakazi, yakianza na ya Babati: kila tawi liwe na mfuko wa safari, na kila mwaka safari moja angalau. Halmashauri nazo zitengeneze njia za miguu, zijenge vyoo, ziweke vibao katika Kiswahili. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji ambaye hajapata kuingia katika vyumba vya nyumba yake, atamwonyesha nini huyo mgeni?