Maoni: Turbo inapandisha gari, lakini breki ndizo zinazolishusha

Katika viwanja vya Goma, Bukavu na Butembo, gari kuukuu halitupwi. Linasukumwa hadi kwa makanika, linainuliwa juu ya mawe, linafunguliwa kipande kwa kipande, na baada ya wiki kadhaa linarudi barabarani. Kazi hiyo inastahili heshima. Bila makanika hao wa uwanjani, mihogo haifiki sokoni, mgonjwa hafiki hospitali, na familia iliyokimbia vita haipati gari la kurudisha magodoro na masufuria yake kijijini.

Lakini kuna tabia moja inayopaswa kusemwa waziwazi. Mwenye gari akilalamika kwamba injini imechoka kupanda, shauri linalokuja haraka ni kutia turbo. Gari lenye breki mbovu, radieta iliyoziba na chasi yenye ufa linapewa nguvu mpya. Huko si kufufua gari. Ni kuliongezea mbio kabla ya kulipa uwezo wa kusimama.

Turbo yenyewe si kitu kibaya. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1905, na wazo lake ni rahisi kueleweka. Moshi unaotoka kwenye injini kwa nguvu unazungusha gurudumu dogo. Gurudumu hilo linazungusha lingine lililo upande wa pili wa ekseli hiyohiyo, na hilo la pili linasukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua, na nguvu inaongezeka.

Kwa watu wa Kivu faida hiyo ni ya kweli. Goma na Bukavu ziko kwenye kimo cha karibu mita 1,500, ambako hewa ni nyepesi kuliko pwani kwa karibu sehemu moja kati ya saba. Injini isiyo na turbo inakosa pumzi huku, kama mtu anayepanda mlima na gunia mgongoni. Ndiyo maana dereva anaitamani, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo.

Swali ni lini itiwe, na ndani ya gari la namna gani. Jibu zuri linaweza kupatikana mbali na Kivu, kwa Waingereza wanaofufua magari ya zamani katika garaji za nyumbani. Moja ya magari wanayoyapenda ni MG Midget, gari dogo la michezo la watu wawili lililotengenezwa kati ya 1961 na 1979. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,275 ilikuwa na nguvu za farasi zipatazo 65 tu. Kwa hiyo hata huko wapo wanaotaka kuitilia turbo.

Hao wanaye mwalimu, nacho ni kiwanda chenyewe. Mwaka 1982 injini ya ukoo huohuo iliwekwa turbo ndani ya gari jingine, MG Metro Turbo, ikafika nguvu za farasi 93. Lakini wahandisi hawakufunga turbo juu ya injini ileile na kwenda nyumbani. Walitia kranki yenye chuma kigumu zaidi. Walitia vali za moshi zenye sodiamu ndani yake ili zisiungue. Breki za mbele zilipewa diski zinazopitisha hewa ili zipoe upesi. Na juu ya hayo yote, msukumo wa turbo ulizuiwa usizidi, kwa sababu giaboksi isingeweza kubeba nguvu zaidi. Kiwanda chenye wahandisi na mashine za kupimia kilikubali kusema: hapa inatosha.

Anayefufua Midget nyumbani naye ana utaratibu wake. Gari hilo halina chasi ya peke yake. Nguvu yake iko kwenye bodi, hasa vizingiti vilivyo chini ya milango. Kutu ikivila, gari linalegea katikati hata milango inakataa kufunga. Kwa hiyo fundi makini anaanza na kutu na kuchomelea mabati mapya. Halafu anashika breki, usukani na matairi. Halafu radieta na mabomba ya maji. Halafu anapima mgandamizo wa kila silinda ili ajue kama injini ni nzima. Turbo inakuja mwisho wa orodha, na wengi wanafika huko wakaona gari lililofufuliwa vizuri halina haja nayo.

Orodha hiyo inafaa pia kwa Land Cruiser, kwa Hiace na kwa lori la mizigo. Tofauti ni kwamba Midget inabeba watu wawili siku ya mapumziko, wakati lori la Kivu linabeba magunia, na juu ya magunia wanakaa akina mama na watoto.

Hapa ndipo hatari ilipo. Anayetoka Goma kwenda Butembo kwa barabara ya kitaifa namba 2 anakutana na mteremko wa Kabasha. Anayetoka Bukavu kwenda Uvira kwa namba 5 anakutana na Ngomo. Turbo inamsaidia dereva kufika juu akiwa na mzigo mkubwa zaidi kuliko zamani. Kushuka ni kazi ya breki, na breki hizo ni zilezile za zamani. Kila gunia lililoongezwa kwa sababu “sasa gari lina nguvu” linasukuma lori kutoka nyuma wakati wa kuteremka.

Injini nayo ina malalamiko yake. Kwenye gari la mazutu, fundi anayetaka nguvu ya haraka anakaza pampu ili itoe mafuta zaidi. Moshi mweusi ukianza kutoka, ni dalili kwamba mazutu yamezidi hewa. Joto linapanda na pistoni inaweza kuyeyuka. Kwenye gari la esanse, msukumo ukizidi injini inaanza kugonga, na pistoni inatoboka. Isitoshe, gurudumu la turbo linaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, na ekseli yake inaelea juu ya oili. Oili chafu inaiua. Kuzima injini ghafla baada ya kupanda mlima kunaipikia oili hiyo ndani yake.

Wapo watakaosema kwamba maskini hana pesa ya kutengeneza vyote. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuchagua vizuri. Mwenye pesa kidogo azitumie kwenye plakete za breki, oili safi na kuzibua radieta. Injini inayopumua vizuri na isiyochemka itapanda, hata kama ni polepole. Kuchelewa saa mbili si hasara ikilinganishwa na mazishi.

Kila mmoja ana sehemu yake. Makanika aandike orodha ya kazi na akatae kufunga turbo kabla breki hazijapimwa. Heshima ya fundi ni kukataa pia. Mwenye gari asiongeze mzigo kwa sababu ameongeza nguvu. Polisi wa barabarani anayesimamisha lori atazame breki na matairi, si karatasi tu. Na wanaowafundisha ufundi vijana waliokimbia vijiji vyao wawape utaratibu huu tangu siku ya kwanza, kwa Kiswahili wanachokielewa, maana kijana huyo ndiye atakayetengeneza magari yatakayorudisha watu nyumbani amani ikipatikana.

Abiria naye ana haki ya kuuliza kabla ya kupanda: breki za gari hili zilitengenezwa lini? Dereva asiye na jibu hafai kukabidhiwa watoto wa mtu, hata kama gari lake lina turbo mpya.